Tai ya Hariri ya Marehemu Baba na Makosa Yaliyonifunza Kuitunza

Marehemu baba aliacha nguo chache, na kati ya hizo moja tu ndiyo niliyoitaka kwa moyo wote: tai ya hariri ya rangi ya buluu iliyokolea, yenye ncha ya mraba badala ya ncha iliyochongoka, iliyofumwa kwa vitanzi vidogo kama vya sweta. Aliinunua mwaka 1974 mjini Krefeld, Ujerumani Magharibi, alikopelekwa na kiwanda cha nguo alichokifanyia kazi kwa mafunzo ya miezi 14. Aliitunza zaidi ya miaka 40 bila kuitia doa. Mimi nilipoirithi, nilihitaji miaka miwili tu kuiharibu, na kila kosa nililolifanya nililifanya kwa nia njema, nikidhani ninaithamini. Naandika haya kwa sababu tai za namna hii zinapatikana kwenye mitumba kuliko watu wengi wanavyofikiri, na nimekwisha kuwaona vijana wawili ofisini kwetu wakizitendea vilevile nilivyoitendea ya baba.

Krefeld ni mji ulio karibu na mto Rhine, na Wajerumani wenyewe huuita mji wa mahameli na hariri. Baba alikuwa akitusimulia habari za familia ya von der Leyen, Wakristo wa madhehebu ya Wamenoni waliokimbilia huko katika karne ya 17 kwa sababu ya imani yao na kuujenga mji kwa biashara ya hariri, na jinsi mafundi wa huko walivyoendelea kutengeneza tai hata katika siku zake. Mshahara wa mwanafunzi ulikuwa mdogo. Alisema alipita mbele ya dirisha la duka lililokuwa na tai hiyo kwa miezi mitatu kabla ya kuingia.

Aliporudi nyumbani, tai haikuwa na kazi kubwa. Katika miaka ile watumishi wa umma na wa mashirika walivaa suti ya Kaunda, ambayo haina nafasi ya tai, kwa hiyo ile ya Krefeld ilitoka kwenye harusi za kanisani, ubatizo na mahafali tu. Kila aliporudi alikaa kitandani, akakifungua kifundo taratibu kwa kurudia nyuma hatua zilezile alizoifungia, akailaza tai juu ya paja, akaipapasa kwa kiganja kutoka ncha nene kwenda nyembamba, kisha akaikunja mviringo kama mtu anayekunja mkeka mdogo na kuifunga ndani ya kipande cha shuka jeupe. Mahali pake palikuwa kopo la biskuti juu ya kabati. Sisi watoto tuliona ni mazoea ya mtu mzima. Tulichokipenda sisi ni mlio wake: baba aliifinya tai karibu na sikio lako, nayo ikachakacha, mlio mkavu wa kukwaruza kidogo, sawasawa na ule wa unga wa muhogo unapoufinya kati ya vidole.

Baba alifariki mwaka 2016. Kopo lilinifikia mimi baada ya matanga, nami nilipofika nyumbani kwangu Dar es Salaam, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuitoa tai humo. Niliona haistahili kufichwa kwenye kopo kama sindano na vifungo. Nikaitundika kwenye kibanio cha suti, mbele kabisa ya kabati, ili niione kila asubuhi.

Ilining'inia hapo miezi minane. Siku niliyoifunga kwa mara ya kwanza nilishangaa kuona inashuka chini ya mkanda, ilhali baba alikuwa mrefu kuniliko na kwake haikupata kufika hapo. Nilidhani nimeifunga vibaya. Nikaifungua, nikaifunga tena, ikashuka palepale. Baadaye nilimwuliza mama, akaniambia kwamba baba aliipima kwa futi ya fundi cherehani alipotaka kumshonea kaka yangu tai ya kufanana nayo, na kipimo hicho kilikuwa bado kimeandikwa ndani ya kifuniko cha kopo kwa kalamu ya risasi: 143. Nilipoipima mimi nilipata sentimita 150. Uzito wake wenyewe ulikuwa umeivuta sentimita saba nikiwa ninaitazama kila siku.

Kosa la pili lilitokea kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimejifunza kifundo kikubwa cha Windsor kutoka kwenye video, nikaona ndicho kinachofaa siku ya heshima. Tai ya kufuma ni nene. Kifundo kile kilitoka kikubwa kama ngumi ya mtoto, kikakaa shingoni kikiisukuma kola pembeni, na ili kikazike nilikivuta kwa nguvu zote. Kabla ya kutoka nikajipulizia manukato shingoni na kifuani, juu ya tai yenyewe. Ukumbini ulifika wakati wa chakula, tone la mafuta ya pilau likadondoka sentimita chache juu ya ncha. Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nilichovya kitambaa cha karatasi kwenye maji, nikasugua. Doa likatanuka, na vinyweleo vyeupe vya karatasi vikanasa kwenye vitanzi.

Usiku huohuo, nilipokuwa ninaivua, kamba ya saa yangu ya chuma ilinasa kitanzi kimoja na kukivuta nje, uzi ukajitokeza kama kidole kidogo. Nilichukua mkasi wa kucha nikaukata. Nakumbuka kabisa kwamba niliridhika, kwa sababu uso wa tai ulionekana umerudi laini. Asubuhi palikuwa na tundu la kuingia punje ya mchele, na juu yake safu ya vitanzi vilivyoanza kufumuka kimoja baada ya kingine, kama ngazi.

Sikujua la kufanya, na katika hali ile ya kuchanganyikiwa nikaipeleka kwa dobi wa jirani, nikamwambia maneno mawili tu: ioshe vizuri. Nilimlipa shilingi 3,000. Kijana yule hakukosea chochote katika kazi yake. Aliiosha kama anavyoosha mashati, kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akaikamua, akaitupa juu ya waya juani, kisha akaipiga pasi mpaka ikalala. Mwenye kosa ni mimi niliyempa kitu bila kumweleza ni kitu gani. Aliponirudishia ilikuwa imekunjwa mara nne kwa unadhifu mkubwa. Ilikuwa imekuwa bapa na ina mng'ao wa ajabu kama utepe wa keki. Rangi ilikuwa imepauka kwenye sehemu moja iliyotazama jua, na tundu lilikuwa limefika upana wa kidole. Niliifinya karibu na sikio. Haikutoa mlio wowote. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini siku ile nilikaa ndani ya gari nje ya duka la dobi nikalia, maana niliona nimemzika baba mara ya pili.

Nilikaa na tai hiyo ndani ya mfuko wa plastiki miezi kadhaa kwa aibu. Hatimaye niliipeleka Iringa kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye amefuma masweta ya shule kwa zaidi ya miaka 30, mengine kwa mashine ya mkono na mengine kwa sindano. Aliipokea, akaenda nayo dirishani, akaitanua kwa vidole viwili na kuitazama kwenye mwanga bila kusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, ulikuwa unaitunza kama kitambaa. Hii ni sweta. Ungeweza kulitundika sweta miezi minane?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kiswahili chetu hutumia neno moja, kufuma, kwa kazi mbili zilizo tofauti kabisa, na nadhani neno hilo ndilo lililonificha jambo. Mfumaji wa kitambaa hutandika nyuzi za mtande zikiwa zimekazwa, kisha hupitisha mshindio katikati yake, juu na chini, na nyuzi zote hubaki zimenyooka zikishikana kwa msuguano. Mfumaji wa sweta ana uzi mmoja tu, anaoupindisha kuwa kitanzi na kukipitisha kitanzi hicho ndani ya kingine, safu baada ya safu. Kitambaa cha kwanza hakina nafasi ya kuvutika, na ndiyo sababu tai za kawaida hukatwa mshazari, njia iliyoenezwa na fundi wa New York, Jesse Langsdorf, katika miaka ya 1920, ili zipate ulaini wa kufungika na kurudi katika umbo lake. Pia huwekewa kitambaa kingine kizito ndani. Tai ya kufuma haihitaji hayo yote. Haina kitu ndani. Vitanzi vyenyewe ndivyo vinavyoipa unene, ulaini na zile tundu ndogo zinazopitisha hewa. Lakini kitanzi ni mlango ulio wazi. Ukikining'iniza, kinarefuka, ukikinasa, kinatoka, ukikikata, cha juu yake kinakosa cha kukishika, ukikikandamiza kwa pasi, kinalala.

Sufu ina uchangamfu wa kurudi mahali pake baada ya kuvutwa. Hariri haina kiasi hicho. Shangazi alinionyesha kwa kuvuta nyuzi mbili mezani, moja ya sufu na moja ya hariri aliyoichomoa kwenye tai: ile ya sufu ilijikunja tena, ile ya hariri ikabaki imelala pale alipoiacha. Ndiyo sababu tai yangu haikurudi yenyewe nilipoishusha kwenye kibanio.

Kuhusu mlio, jibu nilikuja kulipata kwa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba kiwandani katika idara ya rangi. Alinieleza kwamba uzi wa hariri, unapotoka kwenye kifukofuko cha kiwavi anayekula majani ya mforosadi, huwa umefunikwa na gundi ambayo ni karibu robo ya uzito wake. Gundi hiyo huondolewa kwa kuchemsha kwenye maji ya sabuni, na hapo ndipo hariri hupata ulaini na mng'ao. Mchakacho huja mwishoni, pale nyuzi zinaposuuzwa kwenye asidi hafifu, ambayo huongeza msuguano kati ya uzi na uzi. "Mwanangu," alisema, "sabuni ya unga ina magadi. Magadi yamefuta kazi ya asidi." Alinionya pia nisije nikaigusisha hariri dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa hiyo haiondoi doa, inayeyusha uzi.

Kazi ya kuiokoa ilichukua siku tatu, nami nilikuwa msaidizi. Siku ya kwanza shangazi alilishika lile tundu. Alinasa kila kitanzi kilichofumuka kwa sindano nyembamba ya kroshia na kukipandisha ngazi, kimoja baada ya kingine, mpaka juu. Mahali nilipokata uzi palibaki pengo, kwa kuwa uzi wenyewe haukuwepo tena, hivyo akafungua kidogo mshono wa ncha nyembamba, akachomoa kwa ndani kipande cha uzi wa rangi ileile na kuutumia kutengeneza vitanzi viwili vipya. Aliniambia jambo ambalo nalirudia kwa kila mtu: uzi ukijitokeza, usiukate kamwe. Chukua sindano butu, upenyeze kwa upande wa nyuma, uuvute uzi uingie ndani, kisha uinyooshe tai taratibu kwa vidole pande zote ili vitanzi vya jirani vigawane ule urefu uliozidi. Ni kazi ya dakika mbili.

Siku ya pili tuliiosha upya, safari hii ipasavyo. Kwanza alilowesha kitambaa cheupe cha pamba na kukigandamiza upande wa nyuma wa tai kuona kama rangi inatoka. Ilitoka kidogo sana. Akatia maji ya baridi kwenye beseni na matone machache ya shampuu ya watoto wachanga, akaizamisha tai na kuibonyeza bonyeza bila kuisugua wala kuipindapinda, maana hariri iliyolowa hupungua nguvu. Baada ya kuisuuza alichanganya kijiko kimoja cha siki nyeupe kwenye lita moja ya maji, akaiacha humo dakika chache. Hatukuikamua. Tuliilaza juu ya taulo, tukalikunja taulo pamoja nayo, tukakandamiza kwa mikono. Kisha tukailaza juu ya taulo jingine kavu kivulini, na hapo shangazi alifanya kazi iliyonishangaza kuliko zote: alianza ncha moja hadi nyingine akivisukuma vitanzi virudiane kwa vidole, sentimita kwa sentimita, huku futi ikiwa pembeni, mpaka tai ilipofika sentimita 146. Zaidi ya hapo ilianza kufanya mawimbi, akaiacha.

Siku ya tatu ilikuwa ya mvuke. Alichemsha maji kwenye birika, akaishika tai mbali kiasi cha shibiri moja kutoka mdomoni mwa birika, mvuke ukapita ndani ya vitanzi, naye akavigongagonga kwa ncha za vidole ili viinuke. Haikurudi kuwa mpya. Ule mng'ao wa pasi ulipungua lakini haukuisha. Hata hivyo ilipokauka aliifinya karibu na sikio langu, ikachakacha. Mlio ulikuwa mdogo kuliko wa zamani, lakini ulikuwa ule ule.

Niliporudi Dar es Salaam niliamua kutafuta tai nyingine ya kuvaa mara kwa mara, ili ya baba ipumzike, na hapo nikapoteza fedha tena. Nililipa shilingi 65,000 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniandikia kwamba ni hariri tupu. Ilipofika ilikuwa nyepesi, inateleza, na ilikuwa na mng'ao wa kioo. Nilichomoa uzi mmoja ndani ya mshono na kuuchoma: uliyeyuka, ukawa tone jeusi gumu. Hariri haiyeyuki. Huungua polepole ikitoa harufu ya nywele au manyoya yaliyoungua, na majivu yake husagika kwenye vidole. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kwenye mitumba ya soko la Karume, nami nashauri kuanzia huko. Usiangalie rangi kwanza, angalia lebo: tai zinazotoka Ujerumani huandikwa Seide, za Italia seta, za Ufaransa soie, na maneno yote hayo ni hariri. Kama lebo imekatwa, ifinye usikilize. Itanue kwenye mwanga utafute vitanzi vilivyokatika, hasa mahali pa kifundo na kwenye kingo. Ipime upana katika sehemu tatu. Ikiwa sehemu ya shingo imekuwa nyembamba sana na ndefu, ilitundikwa kama yangu. Baada ya miezi minne nilipata moja ya rangi ya damu ya mzee, ya Italia, kwa shilingi 2,000.

Shangazi naye hakuwa amemaliza. Kazi ile ilimwamsha hamu, akaniambia nikimpatia uzi atanifumia nyingine. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alileta gramu 100 za uzi wa hariri, uliotugharimu karibu shilingi 80,000. Alianza kwa sindano za chuma zenye unene wa milimita mbili, kwa ufumaji wa kawaida wa upande mmoja laini na mwingine wenye vijivimbe, na baada ya sentimita 20 kingo zote mbili zikajikunja ndani kama jani la mgomba lililokauka. Alifumua yote bila manung'uniko. Mara ya pili alitumia vitanzi 21, kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, vikipokezana na kubadilishana kila safu, hata uso wa tai ukawa na vinundu kama punje za mtama, na kingo zikalala zenyewe. Kwenye shingo alipunguza hadi vitanzi 11, na kwa nyuma akashonea utepe mwembamba wa pamba sehemu hiyo peke yake, ili isirefuke. Aliimaliza ikiwa na sentimita 138 kwa makusudi, akijua itajivuta. Safu zilikuwa zaidi ya 700, na alizifuma jioni kwa wiki tano, macho yakiwa hayamsaidii tena kama zamani. Mtu akiniambia kwamba tai nzuri ya kufuma ni ghali, simbishii tena.

Sasa navaa hivi. Nafunga kifundo kile chembamba tulichofundishwa shuleni, cha kuzungusha mara moja, kupandisha na kushusha, nacho hutoka cha wastani, kimeinama kidogo upande mmoja, na ndivyo kinavyopendeza kwenye tai ya namna hii. Sikikazi mno. Manukato napulizia kabla ya kuvaa shati, na nasubiri yakauke. Mafuta ya miski na udi nayaweka mbali kabisa, maana doa lake halitoki. Kamba ya kitambulisho cha ofisini ina kishikizo chenye meno, kwa hiyo siivai juu ya tai, naifunga kiunoni. Kibanio cha tai natumia kile kisicho na meno. Ndani ya gari naiweka tai juu ya mkanda wa usalama. Wakati wa kula naiingiza kati ya vifungo vya shati, na sioni aibu. Tone la mafuta likidondoka, siligusi kwa maji. Nalinyonya kwa kitambaa kikavu bila kusugua, na nikifika nyumbani nalinyunyizia poda ya watoto, naiacha mpaka asubuhi, kisha naikung'uta.

Kwa joto la pwani nimeiona inafaa kuliko tai za kitambaa, kwa sababu haina kitu ndani na hewa hupita. Inapendeza na koti la kitani au la pamba, na shati la rangi moja. Kwa suti nyeusi ya shughuli rasmi sana, kama msiba mkubwa wa kiserikali au mahakamani, mimi huvaa tai ya kitambaa, kwa kuwa uso wa tai ya kufuma una ukavu na unene unaoifanya ionekane ya mchana na ya mazungumzo. Huo ni uamuzi wangu. Baba aliivaa popote.

Siivai siku mbili mfululizo. Nikiivua naifungua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, bila kuivuta ncha nyembamba ipite ndani ya kifundo, jambo linalokwaruza vitanzi na kuirefusha. Inalala kitandani usiku mmoja ili jasho likauke, kwani unyevu wa Dar es Salaam huleta ukungu kwa nguo iliyofungiwa ikiwa na jasho, na mende hupenda mahali penye jasho na chakula. Ndipo ninapoikunja mviringo kwa ulegevu, ndani ya kitambaa cheupe, kwenye kopo lilelile la biskuti. Miezi ya masika nalifungua kopo mara moja kwa wiki, naipunga tai hewani kivulini nusu saa.

Ya baba naivaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Imebaki sentimita 146, nami ndani ya kifuniko nimeandika namba hiyo chini ya 143 yake, pamoja na tarehe. Lile paku lililopauka kwa jua halitarudi kuwa buluu, na mzee wa idara ya rangi alinishauri nisijaribu kulipaka rangi, kwani litatofautiana zaidi. Ila nimegundua kwamba nikianza kufunga nikiwa nimeishika vidole vinne juu ya mahali nilipozoea, sehemu ile inaingia ndani ya kifundo, na hakuna anayeiona.